UZI: Mafunzo ya kilimo cha mboga yamejaa wanawake, lakini yanafundisha kazi za wanaume

#1 BibiShamba_Usambara
Wakuu habari za jioni. Mimi ni afisa ugani huku Lushoto, kata ya milimani. Kwetu ni nyanya, kabichi, karoti na hoho. Kila yakija mafunzo ratiba ni ileile: mbegu bora, mbolea, viuatilifu, masoko. Washiriki nusu kwa nusu, picha zinapigwa, ripoti inaenda. Lakini nikirudi mashambani naona yale mafunzo yameegemea upande mmoja.

Mfano. Tulikuwa tunafundisha kupima bomba la mgongoni. Wanaume wamelizunguka bomba, akina mama wamekaa nyuma na watoto. Mada ilipoisha, mama mmoja akanivuta pembeni: "Mwanangu, baba yao akipiga dawa asubuhi, mimi naambiwa nichume jioni kwa sababu gari linaondoka usiku. Nitajuaje kama dawa imeshaisha kwenye nyanya?" Swali hilo halikuwepo kwenye ratiba yangu. Anayepiga dawa anafundishwa kupiga. Anayechuma kwa mikono mitupu, anayefua ovaroli ya aliyepiga, anayepika mboga ileile nyumbani, huyo hafundishwi chochote.

Hoja yangu: mahitaji ya mafunzo ya mwanamke na ya mwanamume kwenye mboga hayafanani, na sisi wataalamu tunalijua hilo. Tunafundisha kitu kimoja kwa sababu ndiyo njia nyepesi kwetu. Mnasemaje? Na kama mnakubali, tofauti inatoka wapi?

#2 Mzee_wa_Ilula
Bibi shamba, kwa heshima, napinga. Nyanya haijui jinsia. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, akiingia shambani haulizi shamba ni la baba au la mama, anatoboa majani na matunda mpaka unabaki na miti. Tangu alipoingia nchini mwaka 2014 kilio ni kimoja kwa wote. Huku Ilula mwanamke na mwanamume wanataka vitu viwili: dawa inayofanya kazi na bei ya maana. Mkianza kugawa madarasa mtatugawa na sisi.

#3 MamaHoho
Mzee wangu #2 shikamoo. Nyanya haijui jinsia, sawa, lakini kazi za nyanya zimegawanywa. Huku Arumeru kitalu ni cha mama: kutifua, kusia, kufunika nyasi, kumwagilia asubuhi na jioni. Kupandikiza ni wote. Palizi ni mama. Kupiga dawa ni baba. Kuchuma na kuchambua ni mama. Matenga yakishajaa, baba anapanda gari na dalali, mama anabaki anasubiri kuambiwa bei ilikuwa ngapi.

Sasa ukija na karatasi yako ukaniuliza "unahitaji mafunzo gani", nitajibu kuhusu kitalu, maana ndiyo kazi niliyonayo mkononi. Utaandika kwamba wanawake wanahitaji mafunzo ya kitalu. Lakini mimi kitalu nakijua kuliko mwalimu! Ninachokihitaji ni kile nilichofungiwa nje: bei, mizani, kuongea na mnunuzi. Dada BibiShamba, hapo ndipo pa kuangalia. Kuna hitaji la kazi unayoifanya, na kuna hitaji la kazi usiyoruhusiwa kuifanya.

#4 Dogo_Kreti
Mimi naona tatizo ni umri tu. Vijana wa kike na wa kiume tuko kwenye simu, tunaangalia bei kwenye magrupu, tunajua umwagiliaji wa matone, tunajua mbegu chotara. Wazee ndio mnaohitaji semina, wake kwa waume.

#5 MamaHoho
Dogo_Kreti mwanangu, simu ya mama yako iko mfukoni mwa nani sasa hivi?

#6 Dogo_Kreti
Hahaha mama umenipata hapo. Lakini simu nilimnunulia mimi mwenyewe!

#7 Mchumi_Kilimo
Salaam wakuu, niongezee takwimu. Ripoti ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) ya mwaka 2023 kuhusu wanawake kwenye mifumo ya chakula inasema mashamba yanayosimamiwa na wanawake yana tija pungufu kwa asilimia 24 ukiyalinganisha na ya wanaume yenye ukubwa uleule. Pia ni asilimia 5 tu ya huduma za ugani zinazowafikia wanawake. Kwa hiyo hoja ya #1 ina mashiko: wape mafunzo, pengo litapungua.

#8 Mpitiaji
#7, ile ya asilimia 5 ni ya zamani sana. Inatokana na uchunguzi wa FAO wa 1988–89 kwa mashirika ya ugani ya nchi 97, na watu wanaizungusha kila mwaka kama habari ya jana. Ya 24 ni sahihi, ila usiitwishe mafunzo peke yake. Ripoti ya FAO ya 2010–11 ilisema wanawake wakipata rasilimali sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangeweza kupanda kwa asilimia 20 hadi 30. Rasilimali ni ardhi, mbegu, mbolea, mkopo, nguvu kazi, na elimu ikiwemo. Mama asiye na hela ya mbolea hata ukimfundisha viwango mwaka mzima, atarudi nyumbani na daftari tu.

#9 Mchumi_Kilimo
Asante kwa ufafanuzi. Bado nasimamia kwamba ugani hauwafikii sawasawa. Angalia mwaliko unavyoandikwa: "mkuu wa kaya". Mkuu wa kaya ni nani vijijini? Akihudhuria baba, tunadhani elimu itafika kwa mama chakula cha usiku. Haifiki.

#10 Mluguru_wa_Mgeta
Suala ni ARDHI, mnazunguka tu. Mwenye shamba ndiye anayeamua kipandwe nini, ndiye anayeitwa mkulima, ndiye anayeitwa semina. Mwanamke anafundishwa matuta ya makinga maji wakati hata kupanda mti pembezoni mwa shamba hawezi bila ruhusa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inampa haki sawa, ila vijijini mila ndiyo inayotawala.

#11 Binti_Uluguru
Kaka #10 jina lako linasema Mgeta na unasema ardhi? Kwetu Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama! Mimi shamba langu la kabichi na njegere nimelipata kwa bibi mzaa mama, mume wangu ndiye mgeni pale. Na bado mafunzo yakija anaitwa yeye, kikundi mwenyekiti ni mwanamume, na gari la Morogoro mjini wanapakia wanaume. Kama ardhi ndiyo ingekuwa jibu, Mgeta tungekuwa tumeshamaliza tatizo zamani.

#12 Mluguru_wa_Mgeta
Dada, ukoo wa mama haimaanishi mama ndiye anayeamua. Mjomba anaamua! Unalijua hilo. Halafu mashamba mengi ya bondeni siku hizi yananunuliwa na kukodishwa, na anayenunua ni mwenye hela. Mila ya ukoo imebaki juu mlimani kwenye miteremko.

#13 Binti_Uluguru
Hapo kwa mjomba nakubali nusu. Mjomba wangu hajawahi kuniambia nipande nini.

#14 Sukuma_na_Managu
Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Nyandarua, Kenya, viazi na kabichi. Hapa kuna mbinu iliyojaribu kujibu swali la #1. Inaitwa SHEP, ilianza mwaka 2006 kama mradi wa Wizara ya Kilimo na JICA (shirika la ushirikiano la Japani), mwanzoni ikiwa Bungoma, Trans Nzoia, Kisii na hapa kwetu. Mkulima haanzi na shamba, anaanza na soko. Kikundi kinatuma wawakilishi wake, wanawake na wanaume, waende sokoni wenyewe wakaulize: mnataka zao gani, ukubwa gani, mwezi gani, mnalipaje. Wakirudi ndipo wanachagua la kupanda.

Na jambo la pili: bwana na bibi wanafunzwa pamoja. Wanakaa wanaandika nani anafanya kazi gani tangu alfajiri mpaka usiku, na pesa ya mavuno inaenda wapi. Nimeona mzee wa kanisa amenyamaza kabisa alipoona orodha ya mkewe imejaza karatasi na yake imeishia saa nane mchana. Hakuna aliyemkemea. Karatasi yenyewe ilitosha.

#15 BibiShamba_Usambara
Asante sana #14. Hata kwetu ipo, TANSHEP, ilianza 2019 mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Tanga, Wizara ya Kilimo wakishirikiana na TAHA (chama cha kilimo cha mboga, matunda na maua) na JICA. Ndiyo ile "Anzia Sokoni, Malizia Shambani". Naikubali sehemu ya kwenda sokoni. Kwenye kukaa pamoja mume na mke nina shaka kidogo, maana yule mama wa #1 asingeuliza lile swali mbele ya mumewe. Angeonekana anamshtaki.

#16 MamaHoho
Hapo umegusa penyewe. Pamoja wakati wa hesabu ya pesa, mbalimbali wakati wa maswali.

#17 Mzee_wa_Ilula
Mnaona sasa? Mnataka kuingia mpaka chumbani kwa watu. Mimi na mama watoto tunaongea kila kitu na hatujawahi kufundishwa na mradi.

#18 Tungule_Unguja
Assalaam alaykum. Huku Unguja mambo yako tofauti kidogo na mnavyosema. Tungule (nyanya) na mchicha vinalimwa na wanawake wengi tu, vikundi vya akina mama vina mabonde yao, na dawa wanapiga wenyewe. Shida yetu kubwa ni WAKATI. Mafunzo yanaanza saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Saa tatu mimi nishamwagilia, nishawapeleka watoto skuli, sijapika. Saa sita nawaza nyumbani. Nikiondoka saa sita, mada ya masoko inafundishwa saa nane. Kila mara! Masoko yanawekwa mwisho, na mwisho hubaki wanaume na maafisa.

#19 BibiShamba_Usambara
Dada #18, hili sikuwahi kulipigia hesabu. Ratiba zetu zote masoko ni mada ya mwisho, kwa sababu tunafuata mpangilio wa zao kuanzia shamba hadi kuuza. Naanza mwezi huu kuiweka ya kwanza.

#20 Mpitiaji
Na gulio likiwa siku hiyohiyo, ndiyo kabisa. Huko kwetu semina iliwekwa siku ya gulio, wakahudhuria wanaume, ikaandikwa "wanawake hawana mwamko".

#21 Posho_Kwanza
Semeni ukweli wakuu. Wanaume wanajaa kukiwa na posho. Isipokuwepo, ukumbi ni akina mama watupu. Kwa hiyo takwimu za mahudhurio hazielezi nani anahitaji nini, zinaeleza nauli ni shilingi ngapi.

#22 Mzee_wa_Ilula
Jina lako limekusaliti, kijana.

#23 Mnavu_Tengeru
Naomba nitoe upande wa zao, maana mnaongelea nyanya na kabichi tu kana kwamba mboga zingine hazipo. Kuna mnavu, mchicha, figiri, matembele, ngogwe. Hizi kwa muda mrefu zimekuwa mboga za akina mama, zinapandwa karibu na nyumba, zinachumwa kidogokidogo, hela yake ndogo lakini ni ya kila wiki na inakaa mkononi mwa mama. Pale Arusha kituo cha World Vegetable Center kimezifanyia kazi, zikatoka mbegu za mnavu kama Nduruma na Olevolosi. Majani mapana, mavuno mazuri kweli.

Kilichotokea kwetu: mnavu ulipoanza kuchukuliwa na wenye mahoteli kwa oda, wanaume wakauona. Eneo likahamia shamba la chini lenye mfereji, wakaweka mbolea ya dukani, wakaanza kuuza kwa jumla. Mama akawa mchumaji kwenye mboga yake mwenyewe. Kwa hiyo mnapouliza mahitaji ya mafunzo yanatofautianaje, ulizeni pia zao liko hatua gani. Likiwa la kula, ni la mama na halina mwalimu. Likiwa la hela, mwalimu anakuja na zao limeshahama.

#24 Mchumi_Kilimo
#23 hii naiona pia, lakini siyo sheria ya kudumu. Kuna sehemu wanawake wameshikilia zao likiwa la biashara kwa kuuza kupitia kikundi chenye akaunti yake. Hela haipiti mkononi mwa mtu mmoja.

#25 Binti_Uluguru
Akaunti ya kikundi inasaidia. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri je? Asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, imerudi 2024. Sisi tulijaza fomu, tukatakiwa andiko la mradi. Nani ametufundisha kuandika andiko? Hayo ndiyo mafunzo ninayoyataka mimi, siyo nafasi kati ya mche na mche.

#26 Dogo_Kreti
Naunga mkono #25. Vijana nao wamekwama hapohapo kwenye andiko. Ndiyo maana nasema ni umri.

#27 Mluguru_wa_Mgeta
Wewe na umri wako! Dada zako wa umri wako wangapi wana shamba la hoho kama lako?

#28 Dogo_Kreti
Kijijini kwetu? Mmoja. Na alikodi kwa jina la kaka yake.

#29 Sukuma_na_Managu
Mmoja, tena kwa jina la kaka. Umejijibu.

#30 Mpima_Mizigo
Mada imehama ila niseme la lumbesa, ule ujazo wa kupitiliza gunia, kwa sababu linahusika. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha zaidi ya kilo 100 kwenye gunia, lakini kwenye mboga na viazi dalali bado anataka kile kilemba cha juu. Mwanamume anaweza kubishana na dalali, wakafokeana, wakaelewana. Mwanamke akibishana anaambiwa "mlete mzee wako". Nimeliona soko moja kubwa hapa mjini, mama ana karoti zake mwenyewe, anaambiwa hivyo. Mafunzo gani yatatibu hilo? Anayehitaji kufundishwa pale ni dalali.

#31 MamaHoho
#30 Mungu akubariki. Tunaorodhesha mahitaji ya wanawake miaka yote. Kaeni siku moja muorodheshe na mahitaji ya mafunzo ya wanaume, na kusikiliza kuwemo.

#32 Mzee_wa_Ilula
Mama Hoho, mimi nasikiliza tangu asubuhi, nimesoma uzi wote! Na nitasema hili: lile swali la yule mama wa kuchuma jioni ni la msingi. Kule kwetu tunachuma hata siku ya pili baada ya kupiga, kwa sababu gari haisubiri. Hilo mwanamume anapaswa kulijua yeye, asimwachie mkewe aulize. Kwa hiyo bado nasema darasa moja, ila mada ziongezwe.

#33 BibiShamba_Usambara
Mzee wangu, umenisogelea. Kwa faida ya wote: siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa, na zinatofautiana dawa kwa dawa. Zipo za siku chache, zipo za wiki mbili na zaidi. Utepe wa rangi chini ya kibandiko unaonyesha ukali wa sumu: nyekundu ndiyo kali zaidi, halafu njano, halafu bluu, kisha kijani. Rangi haikwambii siku za kusubiri, hayo ni mambo mawili, watu wanayachanganya. Shida ni kwamba chupa inakaa kwa baba, au dawa imenunuliwa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji isiyo na kibandiko. Mama hana cha kusoma hata kama anajua kusoma.

#34 Tungule_Unguja
Ya kupimiwa ndiyo balaa. Na inawekwa jikoni.

#35 Mjane_wa_Ruaha_Mbuyuni
Nimesoma kimya, naomba niingie. Mnagawa kazi za baba na mama, mimi niko fungu gani? Mume wangu alifariki, nina vitunguu na nyanya, watoto wadogo. Kitalu mimi, palizi mimi, dawa mimi, dalali mimi. Mwaka jana nilihudhuria mafunzo ya wanawake wakulima. Tulifundishwa lishe, usafi na kuweka akiba. Mazuri, sikatai. Lakini kupiga dawa hawakufundisha kwa sababu waliona ni kazi ya wanaume. Nikienda kwenye ya wanaume, mwalimu anajaza bomba la lita 20 mpaka juu anasema "vaa mgongoni, tembea". Mimi hilo halinyanyuki likijaa, nikilivaa mgongo unakataa kabla sijafika nusu ya shamba. Kwa hiyo najaza lita 12. Dawa je? Nakadiria kwa kifuniko. Sijui nazidisha au napunguza, na kantangaze hawafi.

#36 Mpitiaji
Dada, pole na majukumu. Post yako imeharibu hesabu zetu zote humu, na ni vizuri.

#37 Mzee_wa_Ilula
Pole sana mwanangu. Huyu ni jirani yangu kabisa, barabara moja. Kuna kina mama wengi wa hivi bondeni.

#38 Mchumi_Kilimo
Ndiyo maana "mahitaji ya wanawake" kama fungu moja hayatoshi. Mke aliye na mume mkulima, mjane, mke ambaye mumewe yuko mjini anatuma hela ya pembejeo, binti aliyekodi shamba, hawa hawana swali moja.

#39 Mnavu_Tengeru
Sawa, lakini #38 ukigawa sana utabaki huna darasa, una mtu mmojammoja. Afisa ugani mmoja ana vijiji vingapi?

#40 BibiShamba_Usambara
Vingi kuliko miguu yangu. Ila #35 nikujibu kwanza, mengine yatasubiri. Usitumie kifuniko, vinatofautiana ukubwa. Nunua bomba la sindano la duka la dawa, la mililita 10 au 20, liwe la kazi hiyo tu, liandike na lisiingie ndani ya nyumba. Soma kibandiko: tuseme kimeandika mililita 20 kwa lita 20 za maji. Maana yake mililita 1 kwa kila lita. Ukijaza lita 12, weka mililita 12. Kikiandika mililita 30 kwa lita 20, gawa 30 kwa 20 unapata moja na nusu, zidisha kwa 12, unapata 18. Alama za lita zipo ubavuni mwa bomba. Zikiwa zimefutika, pima kwa dumu la lita moja na uchore mwenyewe kwa rangi ya mafuta. Na usirudie dawa ileile kila wiki, kantangaze anaizoea. Badilisha kundi la dawa, yaani namna inavyoua mdudu, siyo jina la dukani tu.

#41 Mjane_wa_Ruaha_Mbuyuni
Nimeandika kwenye daftari. 18. Sasa, yangu imeandikwa kwa hekta, siyo kwa lita za maji. Na shamba langu ni nusu eka. Hapo naanzia wapi?

#42 Dogo_Kreti
Dada jaza bomba maji matupu, piga eneo ulilolipima kwa hatua, uone maji yameishia wapi. Kesho asubuhi nakuwekea hesabu yote hapa, niambie tu bomba lako linatoa matone makubwa au ukungu.

#43 Mjane_wa_Ruaha_Mbuyuni
Matone makubwa. Pua imetanuka, niliitoboa na pini ilipoziba.

#44 Mzee_wa_Ilula
Hiyo pua badilisha kabla ya hesabu yoyote. Ninazo mpya mbili hapa, ulizia kwa wauza matenga pale stendi, nitaziacha.